Visiwa Kumi na Kiti Kimoja: Khabari za Uchaguzi wa Lakshadweep

Mwezi wa Mei wa mwaka 2004, katika visiwa vidogo vilivyomo Bahari ya Uarabuni, magharibi ya Bara Hindi, mzee mmoja alishindwa katika uchaguzi kwa kura 71. Mzee huyu aliingia Bungeni akiwa kijana asiyetimiza bado miaka 26, na tangu siku hiyo hakupata kutoka. Alikwisha kushinda mara kumi mfululizo. Katika Bunge lililokuwa limevunjwa ili uchaguzi huo ufanywe, yeye ndiye aliyekuwa Naibu Spika. Nchi nzima ilimjua, na mawaziri wakuu kadhaa walipita yeye yupo.

Kura 71! Mimi ni mwalimu wa chuo, na asubuhi nikiwahesabu watoto walioketi jamvini huwapata zaidi ya hao. Ni watu wa maulidi ya nyumba moja. Lau nyumba chache za kisiwa kimoja zingalikuwa na rai nyingine siku ile, mzee yule angalirudi Delhi kwa mara ya kumi na moja.

Basi nimeona khabari za visiwa hivi zafaa kusomwa katika nyumba zetu, kwa sababu wakazi wake karibu wote ni Waislamu, na tena Mashafii kama sisi. Na kwa sababu mambo yaliyowapata yaonyesha wazi kura ni kitu gani mahali ambapo sauti iliyochaguliwa na watu ni moja tu, wala hakuna ya pili.

Visiwa hivyo jina lake ni Lakshadweep. Kwa hesabu ni 36, lakini vyenye watu ni kumi: Agatti, Amini, Andrott, Bitra, Chetlat, Kadmat, Kalpeni, Kavaratti, Kiltan na Minicoy. Ardhi yake yote pamoja ni kilomita za mraba 32. Yaani kisiwa cha Unguja peke yake ni kiasi cha mara hamsini ya visiwa hivyo vyote vikikusanywa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 walipatikana watu 64,473, na katika kila mia, zaidi ya 96 walikuwa Waislamu. Kufika huko ni kwa meli kutoka Kochi, katika pwani ya Malabar, mwendo wa kilomita 220 mpaka 440 kwa kadiri ya kisiwa uendacho. Pepo zao ni zile zile zetu za kaskazi na kusi, na kusi likikaza safari huwa taabu. Kazi zao mtu wa pwani hii hana haja ya kufunzwa: minazi, mbata, kamba za makumbi, na uvuvi wa jodari, ambao huwavua kwa ufito na ndoana, samaki mmoja mmoja.

Wenyewe husimulia kwamba Uislamu uliletwa kwao na mtu mwema jina lake Ubaidullah, aliyetoka Bara Arabu katika karne ya kwanza ya Hijra, chombo chake kikavunjika karibu na kisiwa cha Amini. Kaburi lake huonyeshwa Andrott. Wanavyuoni wa tarehe wana maneno yao juu ya khabari hiyo, nami siingii humo. Ila liko jambo moja la mila yao ambalo kila nikilisoma hunistaajabisha. Mali ya ukoo hurithiwa kwa upande wa mama, na huiita mali ya Ijumaa. Ama mali mtu aliyoichuma kwa mkono wake hugawanywa kwa sharia ya Kiislamu, na hiyo huiita mali ya Jumatatu. Basi nyumba ni ya akina mama, na nyumba ndiyo ngome. Msomaji alishike neno hili, maana uchaguzi wa huko haufahamiki bila ya kujua nyumba.

Zamani visiwa hivi vilikuwa chini ya watawala Waislamu wa Cannanore, wa nyumba ya Arakkal. Visiwa vya kaskazini vikapita mkononi mwa Tipu Sultan, na alipouawa Tipu mwaka 1799 Waingereza wakavichukua. Baadaye wakavichukua na hivyo vingine. Waingereza waliviunganisha na wilaya za bara, sehemu moja huku na sehemu nyingine kule. India ilipopata uhuru mwaka 1947 visiwa vilibaki vivyo hivyo, mpaka tarehe 1 Novemba 1956 vilipokatwa kutoka bara na kufanywa eneo moja linalotawaliwa na serikali kuu. Jina la Lakshadweep lilikuja mwaka 1973; kabla yake eneo lilitajwa kwa majina marefu ya visiwa vyenyewe, Laccadive, Minicoy na Amindivi.

Sasa tazama namna ya utawala. Majimbo makubwa ya India yana mabaraza yao ya kutunga sheria na mawaziri wao wakuu. Lakshadweep haikupewa baraza la namna hiyo. Delhi humweka Mtawala, mfano wa Liwali wa zamani kwetu, naye hatoki kwa kura ya wenyeji. Hata makao ya serikali yao hayakuwa visiwani; yalikuwa Kozhikode, bara, mpaka mwaka 1964 yalipohamishwa Kavaratti. Katika ile nyumba ya juu ya Bunge visiwa havina mtu. Katika nyumba ya chini, ambayo wao huiita Lok Sabha, vina kiti kimoja kati ya viti 543.

Na kiti hicho nacho mwanzoni hakikuwa cha kura. Mwaka 1957 Rais wa Jamhuri alimteua mtu wa kukikalia, K. Nalla Koya Thangal, naye akakaa humo miaka kumi. Wakati watu wa bara walipokuwa wakipanga mstari kwenye masanduku ya kura mwaka 1957 na 1962, watu wa visiwani hawakuwa na mjumbe wa kumchagua. Pengine Delhi waliona kwamba watu wachache waliotawanyika baharini, wengi wao wakati ule hawajui kusoma maandishi ya serikali, hawajawa tayari. Sisi wa huku tumeyasikia sana maneno ya namna hiyo kuambiwa watu, kwamba subirini mpaka mtakapokuwa tayari, na anayepima utayari ni yule yule anayetawala.

Bunge lilipitisha sheria mwaka 1965 kwamba mjumbe wa visiwa achaguliwe na watu wenyewe, na uchaguzi wa kwanza ukafanywa mwaka 1967. Sheria iliweka pia ulinzi. Wenyeji wa visiwa, yaani mtu aliyezaliwa huko na wazazi wake wote wawili wamezaliwa huko, wamehesabiwa miongoni mwa makabila yanayopewa hifadhi na katiba, na kiti chao hawezi kukigombea ila mtu wa asili hiyo aliyeandikishwa kupiga kura huko huko. Tajiri wa Bombay hawezi kushuka na mifuko ya fedha akajifanya mjumbe wa Lakshadweep. Kwa rai yangu hili ni katika mambo ya busara yaliyofanywa kwa visiwa hivi, kwani eneo lenye watu wachache kiasi hicho lingaliweza kununuliwa kwa thamani ya shehena moja ya mchele.

Aliyeshinda mwaka 1967 ni kijana wa Andrott, P. M. Sayeed, aliyezaliwa Mei 1941. Katiba ya India haimruhusu mtu kugombea Lok Sabha kabla ya miaka 25, naye ndiyo kwanza amevuka mpaka huo. Alisimama peke yake bila ya chama, kisha akaingia Congress. Mwaka 1971 hakuna aliyesimama kushindana naye, akapita bila ya kupingwa. Mwaka 1977 watu wa kaskazini ya India waliiadhibu Congress kwa ile miezi ya hali ya hatari, hata Waziri Mkuu Indira Gandhi mwenyewe akakosa kiti chake, Sayeed alishinda. Mwaka 1980 alishinda, na 1984, na 1989, na 1991, na 1996, na 1998, na 1999. Vyama viligawanyika na kuungana, serikali zikaanguka na kusimama, na Lakshadweep ikawa inamleta mtu yule yule.

Alipewa uwaziri mdogo wa chuma na makaa, kisha wa mambo ya ndani, kisha wa khabari, na kuanzia Desemba 1998 akawa Naibu Spika. Mtu wa visiwa vya kilomita za mraba 32 akawa anakalia kiti cha kuwaamuru wajumbe wa nchi ya watu milioni elfu kunyamaza na kukaa. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo eneo dogo kama hilo lilifikisha mtu wake hapo kwa njia ya kura. Na heshima hiyo ilikuwa na faida yake, maana mjumbe wa watu elfu kumi na kadhaa, au hata elfu thelathini, hana uzito wa hesabu Bungeni. Uzito wake hupatikana kwa kujulikana, na kujulikana huja kwa kukaa.

Lakini kukaa nako kuna gharama. Jimbo likiwa na kiti kimoja, na kiti kikiwa cha mtu mmoja kwa miaka 37, watu hawagawanyiki tena kwa mashauri ya bandari au shule au bei ya mbata. Hugawanyika kwa kumtaka mtu huyo au kutomtaka. Visiwani kukawa na pande mbili, upande wa Sayeed na upande wa akina Koya, na mtu kujulikana ni wa upande gani kukawa kama kujulikana ni wa nyumba gani. Vyama vya bara vikawa ni kanzu tu za kuvaa. Upande usio wa Sayeed umepata kuvaa kanzu hii na ile kwa miaka mbalimbali, na ndani yake watu ni wale wale.

Dalili ya maneno haya ni kwamba chama cha Nationalist Congress, kilichokuwa rafiki wa Congress huko Delhi na kukaa nacho serikali moja, kilishindana na Congress katika Lakshadweep mwaka 2009, na 2014, na 2019, na 2024, bila ya upande wowote kumwachia mwenziwe. Wakubwa wao waliketi meza moja bara. Visiwani wafuasi wao walihesabiana kura moja moja. Ama chama kinachotawala India tangu 2014, BJP, mgombea wake alipata kura 125 mwaka 2019. Mwaka 2024 hakikusimamisha mtu, kikamuunga mkono mgombea wa rafiki zake, naye akapata 201.

Turudi kwenye mwaka 2004. Aliyesimama kumkabili Sayeed ni P. Pookunhi Koya, kwa tikiti ya chama cha Janata Dal (United). Kura zilipohesabiwa Koya alikuwa na 15,597 na Sayeed 15,526. Fikiri, ewe msomaji, hali ya kisiwa kama Kiltan au Chetlat usiku ule, ambako hakuna mtu asiyejua jirani yake amempa nani. Katika mji mkubwa mwenye kushindwa hulaumu wakati, au magazeti, au chama. Katika kisiwa kidogo, aliyeshindwa kwa kura 71 aweza kuwataja kwa majina. Shemeji aliyekasirika kwa jambo la arusi. Binamu aliyechelewa kurudi kutoka bara, meli haikuwahi. Mgonjwa aliyepelekwa Kochi na watu wa nyumba yake wakamfuata. Mfano wa haya ndio hukaa rohoni kwa miaka.

Sayeed mwenyewe hakuachwa nje. Chama chake kilishinda bara, akafanywa Waziri wa Umeme na kupewa kiti katika nyumba ya juu kwa upande wa Delhi. Hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki Seoul, Korea ya Kusini, tarehe 18 Desemba 2005. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwaka 2009 mwanawe, Hamdullah Sayeed, alisimama mahali pa baba yake akamshinda Pookunhi Koya kwa kura 2,198. Akawa ndiye mdogo wa umri kuliko wajumbe wote wa Bunge lile, kama alivyoanza baba yake katika ujana. Wako waliofurahi kwamba nyumba imerudi, na wako waliosema kwamba kiti cha umma si mali ya Ijumaa hata kirithiwe. Mimi nadhani wote wawili walikuwa na haki ya kusema. Mwaka 2014 mtoto naye akashindwa, kwa kura 1,535, na Mohammed Faizal, wa Andrott vile vile, wa chama cha Nationalist Congress. Mwaka 2019 walikutana tena wawili hao: Faizal 22,851, Hamdullah 22,028. Tofauti 823. Na katika kila watu mia walioandikishwa mwaka huo, 85 walikwenda kupiga kura. Visiwa havilali siku ya uchaguzi.

Hapa ndipo twafika mahali ambapo ile hesabu ya kura moja moja ilipimwa na mambo mazito kuliko ugomvi wa nyumba mbili.

Mwezi wa Desemba 2020 Mtawala aliyekuwapo alifariki, na Delhi ikamweka Praful Khoda Patel, mtu wa siasa aliyepata kuwa waziri katika jimbo la Gujarat. Kwa muda mrefu Watawala wa Lakshadweep walizoeleka kuwa maofisa wa serikali, si watu wa vyama. Katika miezi michache ya mwaka 2021 zikatangazwa rasimu za sheria moja baada ya moja. Moja ilitaka kuipa serikali uwezo mpana wa kutwaa ardhi ya mtu kwa ajili ya kile kilichoitwa maendeleo. Moja ilitaka kuzuia kuchinja ng'ombe. Moja ilitaka mwenye watoto zaidi ya wawili asiweze kugombea mabaraza ya visiwa. Moja iliruhusu mtu kufungwa bila ya kushitakiwa, katika eneo linalosifika kwa uchache wa makosa. Nyama ikaondolewa katika chakula cha watoto wa shule. Vibanda vya wavuvi ufukoni vikabomolewa. Na mabaraza yale madogo ya wenyeji yakapokonywa usimamizi wa elimu, afya, kilimo, mifugo na uvuvi.

Serikali ilisema yote hayo ni kwa maendeleo, na kwamba Maldivi, ambayo ni jirani yao kwa upande wa kusini, imetajirika kwa watalii na Lakshadweep imebaki nyuma. Neno hilo lina sehemu yake ya kweli. Vijana wa visiwani huhitaji kazi kama vijana wa kila mahali. Lakini wenyeji waliuliza swali moja jepesi: ni nani aliyetuuliza? Katika jimbo kubwa la bara rasimu kama hizi zingalipita kwanza katika baraza la kutunga sheria, zikajadiliwa na watu waliochaguliwa, nao waogope kura. Lakshadweep haina baraza. Ilikuwa na mtu mmoja, Faizal, na kiti chake kilikuwa mbali sana na Kavaratti.

Faizal alipinga hadharani, na jambo la kupendeza ni kwamba wale waliokuwa hawasemezani kwa siasa walisimama pamoja. Tarehe 7 Juni 2021 watu wa visiwa vyote kumi walishinda na njaa saa kumi na mbili, majumbani mwao, kwa kuwa mikutano ilikuwa imezuiwa kwa maradhi ya korona. Baraza la Kutunga Sheria la Kerala, jimbo jirani la bara, lilikwisha kupitisha azimio mwishoni mwa Mei, bila ya mtu kupinga, kutaka Mtawala aondolewe. Mahakama Kuu ya Kerala, ambayo ndiyo mahakama ya visiwa pia, ilisimamisha kwa muda amri ya chakula cha shule. Miaka miwili baadaye, Septemba 2023, Mahakama ya Juu ya India ikaiachia serikali amri hiyo, ikisema kuamua chakula cha shule ni kazi ya watawala. Mtawala hakuondolewa.

Wengine watasema: basi mjumbe yule alifaa nini? Nami nitawajibu kwa khabari ya mwaka 2023, mwaka ambao hata huyo mmoja alikuwa hayupo.

Mwezi wa Januari mwaka huo mahakama ya Kavaratti ilimtia Faizal na wenziwe watatu hatiani kwa kujaribu kuua, ikawahukumu kifungo cha miaka kumi. Kosa lililotajwa lilikuwa la siku za uchaguzi wa 2009, na aliyejeruhiwa alikuwa mkwe wa marehemu Sayeed. Faizal alikana, akakata rufaa. Lakini sheria ya India humvua mjumbe kiti chake mara anapohukumiwa miaka miwili au zaidi, na kwa siku chache tu kiti cha Lakshadweep kikatangazwa ni kitupu. Tume ya Uchaguzi ikaweka uchaguzi mdogo tarehe 27 Februari. Tarehe 25 Januari Mahakama Kuu ya Kerala ikasimamisha hukumu ile, na miongoni mwa hoja zake ikataja gharama ya kuwarudisha watu kwenye uchaguzi ilhali muda wa Bunge uliobaki haufiki mwaka mmoja na nusu. Tume ikausimamisha uchaguzi. Lakini Bunge halikumrudisha Faizal mara moja. Alirudishiwa kiti tarehe 29 Machi, baada ya yeye kwenda kushitaki kwa Mahakama ya Juu. Kisha mwezi wa Agosti Mahakama ya Juu ikairudisha kesi Kerala ikaangaliwe upya, mwezi wa Oktoba Kerala ikakataa kuisimamisha hukumu, akavuliwa kiti mara ya pili, Mahakama ya Juu ikaingilia tena, na mwanzo wa Novemba akarudi.

Mara mbili katika mwaka mmoja watu zaidi ya elfu sitini walikaa bila ya mtu hata mmoja waliyemchagua wa kuuliza swali Bungeni. Kwa mtu wa bara aliye na mjumbe wa jimbo lake huko Delhi, na mwingine katika baraza la kwao, na wengine wa nyumba ya juu, kiti kimoja kikiwa kitupu kwa miezi miwili ni khabari ya gazeti. Kwa mtu wa Kadmat, dirisha la pekee la nyumba limefungwa.

Na tazama lilikotoka. Jeraha la 2009, katika ugomvi wa uchaguzi baina ya watu wa kisiwa kimoja, ndilo lililofunga dirisha hilo mwaka 2023. Mimi si hakimu, na kesi ya Faizal ni ya wenye kuhukumu. Ila waliorushiana maneno na mawe siku ile, yeyote aliyeanza, hakuna aliyedhani kwamba miaka kumi na nne baadaye wajukuu wa kisiwa wangalilipa.

Mwaka 2024 watu walikwenda tena kwenye kura. Walioandikishwa walizidi kidogo 57,000, na hapana jimbo la Lok Sabha lenye wapiga kura wachache kuliko hilo. Wastani wa jimbo la India mwaka huo ulizidi milioni moja na nusu. Mashine za kura zilipelekwa mpaka Bitra. Minicoy walipiga kura zao, ambao husema lugha ya Maldivi na kuiandika kwa herufi zao zinazokwenda kulia kushoto kama zetu za Kiarabu, na ambao wametengwa na visiwa vingine kwa mlango mpana wa bahari wa kiasi cha kilomita 200. Hamdullah Sayeed alipata 25,726 na Faizal 23,079. Miaka kumi baada ya kukipoteza, nyumba ya Andrott ikakirudia kiti. Ingawa nyumba ya pili nayo, kama tulivyosema, ni ya Andrott.

Nimetaja Bitra. Ndicho kisiwa kidogo kuliko vyote vyenye watu. Mwaka 2011 walihesabiwa watu 271. Ukitaka kukizunguka kwa miguu huhitaji kubeba maji. Katika hesabu za Delhi watu 271 si kitu, ni chini ya watu wa mtaa mmoja wa sokoni. Lakini kumbuka ile tofauti ya mwaka 2004, upime mwenyewe kisiwa hiki kingaliweza kufanya nini siku ile.

Mwezi wa Julai 2025 utawala wa visiwa ulitoa tangazo kwamba unafikiria kuitwaa ardhi yote ya Bitra kwa ajili ya mambo ya ulinzi wa nchi, kwa kuwa kisiwa kiko mahali pa maana katika njia za bahari, na kwamba uchunguzi utafanywa kwanza kujua wakazi wataathirika vipi. Wakazi walisema hawatoki. Wazazi wao wamezikwa pale. Mara lilipotoka tangazo hilo, mjumbe wao Hamdullah Sayeed alilipinga, akasema kwamba watu hawakushauriwa, kwamba ziko ardhi nyingine ambazo serikali imekwisha kuzichukua zamani kwa ulinzi, na kwamba atalipeleka jambo hilo Bungeni. Akawaambia watu wa Bitra kuwa yu pamoja nao. Na miongoni mwa hao wamo waliompa kura na waliomnyima.